Mwanangu ana miaka 31 na bado namlisha: nikimkatia nina dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mwanangu wa pili ana miaka 31, mzima, ana mke na mtoto mchanga, wote tunakaa nao hapa Tanga. Kula kwetu, umeme kwetu, hata vocha ananiomba mimi. Kazi tatu ameziacha akidai bosi ana maneno. Mzee wangu amestaafu na kiinua mgongo kinakwisha. Nikimnyima ananuna siku tatu, nami naogopa kuulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu.

JIBU: Wa alaykumu ssalaam. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoifuata wengi wetu huku pwani, mtoto akishabaleghe na akawa na uwezo wa kuchuma, nafaka yake (yaani matumizi ya kumlisha na kumtunza) haimlazimu tena baba, sembuse wewe mama. Kinachoibakisha ni ufukara pamoja na udhuru, kama ulemavu au maradhi. Basi mchunguzeni kwanza. Kama halali usiku, amejitenga na watu, mpelekeni hospitali. Nisemayo hapa chini hayamhusu mgonjwa.

Akiwa mzima kweli, unachompa ni hisani tu, na hisani kwa mtoto mmoja ina hesabu yake. Baba yake Nu'man bin Bashir alimpa mwanawe zawadi, akaenda kumshuhudisha Mtume (s.a.w.). Akaulizwa: watoto wako wote umewapa hivyo? Akasema hapana. Mtume akamwambia, "Mcheni Mwenyezi Mungu, na fanyeni uadilifu baina ya watoto wenu" (Bukhari na Muslim). Umesema huyu ni wa pili, kwa hiyo wenzake wapo. Wanasemaje wao? Mara nyingi wanajua, wananyamaza kwa heshima.

Tena nafaka ya mkewe na mtoto iko shingoni mwake yeye. Kila unapowainjikia chungu, unamsahaulisha deni lake.

Kununa kusikutishe. Aliyekatazwa kumwambia mzazi hata "ah" (Al-Israa, 23) ni yeye.

Mzee ndiye aseme naye, faraghani, bila matusi, ampe muda unaojulikana, tuseme miezi mitatu. Kama mna akiba, mlipieni ada ya ufundi VETA au mpeni mtaji mara moja, kisha basi. Akiona kazi fulani ni ya aibu, mkumbusheni kuwa Mtume amesema mtu kuchukua kamba yake akabeba kuni mgongoni akauza ni bora kuliko kuomba watu.

Maziwa ya mjukuu msiyakate. Ila yanunue mwenyewe dukani, usimpe baba yake pesa mkononi.

Wallahu a'lam.