Maumivu chini ya mbavu za kulia? Usiuguse huo mzizi kabla hujapima nyongo

Mkuu, weka chini hicho kikombe. Umeuliza uchemshe vijiko vingapi vya mzizi wa dandelioni, na kama ukikaangwa mpaka uwe mweusi kama kahawa unapungua nguvu. Ila katikati umegusia kwamba ukila vya mafuta unashikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, yanapanda mpaka begani. Nilipofika hapo moyo ulinipasuka, maana maumivu hayo nayajua.

Yangu yalianza hivyohivyo. Aliyeniuzia mzizi alinigusa tumbo kwa kidole, akasema ini limechafuka, ninywe kutwa mara tatu na mchemsho uwe mzito. Sikuulizwa naumwaje, natumia dawa gani, nimewahi kupimwa nini. Maumivu yalipozidi nikampigia simu. Akanijibu, "Vumilia, hiyo ni sumu inatoka." Mpaka leo neno hilo likinijia usiku nakasirika upya. Mtu anauza kitu kinachochezea nyongo, na habari za nyongo hazijui!

Mzizi ule ni mchungu, na tangu zamani watu wameutumia kuchochea nyongo itiririke. Mwenye nyongo salama huenda asione shida. Mimi mfuko wa nyongo ulikuwa umejaa vijiwe na sikujua. Siku ya tisa nilikesha nikijikunja na kutapika. Asubuhi mkojo ulikuwa kama chai ya rangi, choo kimepauka kama udongo, macho ya njano, na homa juu. Kijiwe kimoja kilikuwa kimekwama kwenye mrija wa nyongo. Walikitoa kwa kunipitishia mpira mdomoni, na baada ya wiki kadhaa nikarudi kupasuliwa, mfuko wenyewe ukaondolewa.

Daktari hakusema mzizi ndio ulioleta vijiwe, vilikuwepo. Wala hakuapa kwamba ndio uliokisukuma kile kimoja. Alichosema ni kwamba mwenye vijiwe hapaswi kuunywa kabisa, basi. Baadaye nikakuta hata Wakala wa Dawa wa Ulaya umeandika hivyo: usitumike kwa mwenye vijiwe vya nyongo, mirija ya nyongo iliyoziba, vidonda vya tumbo, wala ugonjwa wa ini. Soma tena hilo la mwisho. Ini! Na mzizi niliuziwa kwa ajili ya ini hilohilo.

Kwa hiyo ultrasaundi kwanza, mzizi baadaye. Kipimo chenyewe hakiumi: unalala, unapakwa jeli, dakika chache umemaliza. Nenda bila kula saa kadhaa ili mfuko wa nyongo uonekane vizuri, na umtajie daktari kila dawa unayomeza. Kama unatumia lithiamu, au dawa ya kukojoza inayobakiza potasiamu mwilini kama spironolaktoni, usianze hata kwa kuonja. Na kama maua ya jamii ya krisanthemu au kamomili hukuwasha, huu ni ndugu yao.

Macho yakianza njano, au maumivu yakaja na homa, usingoje kukuche. Nenda hospitali usiku huohuo. Ukishapima, rudi uniambie wamekuta nini. Hata kama ni usiku wa manane, andika tu.