Mwanangu, kuhusu huo mshahara wa mwenzio wa Seattle

Mamangu,

Swali lako nimelisoma nikalirudia tena. Eti mwenzio mliyesoma naye chuo yuko Seattle anavuta dola laki mbili na nusu kwa mwaka, na wewe hapo Nairobi unapata shilingi laki mbili na nusu kwa mwezi, na zamani ni yeye aliyekuwa akinakili asaimenti zako, sasa anajua nini ambacho wewe hujui na ujifunze lugha gani ya kompyuta ndio ufike huko juu. Mimi programu siandiki, unajua, lakini payroli za mainjinia wa softwea nimezitengeneza miaka na miaka, za kampuni za hapa na za wageni walioajiri vijana wa hapa, kwa hivyo vile pesa inavyoingia na vile inavyokatwa hapo nisikilize, hayo mengine ya kiufundi waulize wanaoyajua.

Kwanza hiyo laki mbili na nusu yake na hiyo yako sio kitu kimoja hata ukiacha dola na shilingi. Yako ni mshahara mtupu, ikishapita PAYE ambayo ni kodi ya mshahara, na SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, na ile ya nyumba asilimia 1.5, na NSSF ya akiba ya uzeeni, unabaki na kama laki na sabini hivi, basi. Yake ni vipande vitatu vimejumlishwa: mshahara wa kila mwezi, bonasi, na hisa za kampuni. Tuseme mshahara ni laki na sitini, bonasi ishirini, hizo sabini zilobaki ni hisa. Kwa hivyo ukisikia mtu anajigamba anapata dola laki nne kule Google muulize ngapi ni pesa taslimu na ngapi ni hisa, na hizo hisa amehesabu kwa bei ya siku gani. Na usidhani Marekani nzima iko hivyo. Takwimu za serikali yao zinasema Mei 2024 injinia wa softwea wa katikati kabisa alikuwa analipwa dola 133,080 kwa mwaka, maana yake nusu yao wako chini ya hapo, na hao wengi wanaandika programu za hospitali, za bima, za serikali za majimbo, kazi nzuri tu lakini haziko kwenye hizo hadithi mnazotumiana.

Sasa kwa nini wengine wanalipwa hivyo, hapa ndipo ninapotaka uelewe, haya mengine hata ukisahau sawa. Angalia pesa ya mwajiri. Mwaka 2021 Meta, hao wenye Facebook, iliingiza karibu dola bilioni 118 na wafanyakazi walikuwa kama 72,000, ukigawanya ni zaidi ya dola milioni moja na nusu kwa kila kichwa, pamoja na wale wa mapokezi. Kampuni kama hiyo kumlipa injinia laki tatu haisikii hata uchungu, maana kitu kidogo alichokirekebisha kwenye matangazo kinawafikia mabilioni ya watu siku ileile. Sasa chukua hiyo kampuni ya pale Westlands inayotengenezea sacco mifumo, inalipwa kwa mradi, sacco imelipa milioni mbili, bosi atoe kodi ya ofisi atoe seva atoe mishahara ya watu wanane, hata akikupenda kama mwanawe hiyo pesa ya kukulipa shilingi milioni kwa mwezi ataitoa wapi. Wewe ni yuleyule na akili ni ileile. Kwa hivyo hilo swali la ujifunze Python ama Go ama Rust mimi naona umelianza kwa nyuma, anza na nani ana pesa halafu uangalie hao wanatumia nini.

Na hapo Nairobi hao wako. Kuna hizo ofisi ndogo, kuna mabenki na Safaricom na wenzao, halafu kuna wa nje waliofungua hapa, Microsoft walifungua kituo chao cha mainjinia Nairobi 2019, Google wakatangaza chao 2022, halafu kuna wale wanaokuajiri moja kwa moja wakiwa Ulaya au Marekani na wewe uko kwako Roysambu. Mimi nimeona watu wawili walioanza kazi pamoja, mmoja akabaki palepale kwa sababu bosi ni mtu mzuri na chai iko, mwingine akahama hatua kwa hatua, baada ya muda mfupi peslipi ya mmoja ni mara nne ya mwenziwe. Wa kwanza ndiye aliyekuwa hodari zaidi, kila mtu ofisini alikuwa anajua.

Lakini hao wa nje chunga sana wanakuajiri vipi. Wengi watakwambia wewe ni kontrakta, yaani mtu wa mkataba, si mwajiriwa wao. Sawa, dola elfu nne kwa mwezi inang'aa, lakini hakuna likizo ya kulipwa, hakuna bima, hakuna notisi ya maana, na PAYE hakuna anayekukatia, maana yake KRA, watoza kodi, wanakusubiri wewe mwenyewe kwenye tovuti yao ya iTax kabla ya tarehe 30 Juni, na ukivuka shilingi laki nane kwa mwezi kila shilingi ya juu yake wanachukua asilimia 35. Vijana wanaila yote wanafikiri ni yao halafu Juni wananipigia simu usiku. Weka thuluthi kando siku hiyohiyo pesa inapoingia, kwa akaunti ambayo huna kadi yake. Na wengine wana mtindo wa kulipa kwa kuangalia unaishi wapi, kazi moja, aliye London ana bei yake na aliye Nairobi ana bei yake, uliza hilo mapema kabla hujapoteza wiki za intavyu.

Halafu levo. Hizi kampuni kubwa zina ngazi na kila ngazi ina pesa yake, Google aliyetoka chuo anaingia L3, L5 ndio sinia, yaani injinia mwandamizi, L6 juu yake wanamwita staff, Meta ni E3 E4 E5 hivyohivyo, Microsoft namba zao zinaanzia hamsini na tisa huko na sinia ni 63. Watu wanapigania mshahara uongezwe dola elfu tano na hawaulizi wamewekwa ngazi gani, wakati ngazi moja juu hisa zinaweza kuwa karibu mara mbili. Na hiyo ngazi inaamuliwa kwenye intavyu, sio baadaye. Yale maswali ya algorithimu mnayokesha nayo yanakufungulia mlango tu, lakini kinachoamua uwe sinia au usiwe ni lile swali la kuunda mfumo mzima, na vile unavyoelezea kazi ulizofanya. Wewe umeshughulika na malipo ya M-Pesa, unajua ile Daraja ya Safaricom, njia ya kuunganisha programu na M-Pesa, ikikwama katikati pesa imetoka kwa mteja na haijafika kwa duka inakuwaje, mnasuluhisha vipi hesabu asubuhi, mnahakikishaje mtu hakatwi mara mbili. Wallahi hiyo ni dhahabu na wewe kwenye CV umeandika "nilitengeneza API", yaani njia ya programu mbili kuzungumza, basi. Andika tatizo lilikuwa nini, pesa ngapi zilikuwa zinapotea, ukafanya nini, zikabaki ngapi. Mimi mhasibu ningekuajiri kwa hilo peke yake.

Na andika, mamangu. Niliowaona wakipanda ngazi haraka si waliokuwa wakiandika programu nyingi kushinda wenzao, ni wale ambao mradi ukikwama wanakaa wanaandika kurasa tatu, tatizo hili, njia ziko mbili, mimi nachagua hii kwa sababu hii, wanatuma kwa kila mtu na watu wanakubali. Siku hizi hata AI inakuandikia programu, sawa, lakini mtu wa kusema tujenge nini na tusijenge nini bado anatafutwa, na wanaoumia ni wanaoanza, wewe ushapita hapo kidogo.

Sasa nirudi kwa hisa maana ndiko kwenye pesa na ndiko kwenye machozi. Hawakupi siku ya kwanza, wanaahidi kwa miaka minne na zinakuwa zako kidogo kidogo. Amazon kwa miaka mingi mtindo wao umekuwa mwaka wa kwanza asilimia 5, wa pili 15, wa tatu 40, wa nne 40, hapo mwanzoni wanakujazia na pesa taslimu, kwa hivyo ukiondoka baada ya mwaka na nusu umeacha sehemu kubwa mezani. Na bei inapanda na kushuka, hisa ya Meta Septemba 2021 ilikuwa inagusa dola 380, Novemba 2022 ikaanguka chini ya 90, yaani aliyeahidiwa hisa za dola laki mbili kwa ile bei ya juu zikawa za elfu arobaini na kitu, na kazi anafanya ileile. Halafu 2024 ikapita 500, aliyepewa hisa mwanzoni mwa 2023 zikiwa chini ya mia mbili huyo anacheka mpaka leo. Hakuna ujanja hapo, ni bahati ya tarehe ya kuajiriwa, na wengi wa hao wanaotoa mawaidha ya utajiri walikuwa tu na tarehe nzuri. Zikishakuwa zako zinahesabiwa kama mshahara na zinakatwa kodi, uziuze usiziuze. Mimi nasema uza ununue kitu kingine, usiweke mshahara na akiba vyote kwa mwajiri mmoja.

Hisa za startapu, hizo kampuni changa, ni habari nyingine kabisa. Wakikwambia tunakupa haki ya kununua hisa 10,000 uliza jumla ziko ngapi, maana elfu kumi kati ya milioni moja na elfu kumi kati ya milioni mia si kitu kimoja, uliza utazinunua kwa bei gani, na ukiondoka una siku ngapi za kuzinunua, zile za Marekani mara nyingi ni 90 tu. Wakikataa kujibu zihesabu ni sifuri, halafu uangalie mshahara peke yake kama unakutosha.

Kuhusu kwenda huko kwenyewe. Visa ya H-1B, ile ya wataalamu wanaoajiriwa Marekani, kila mwaka ni 85,000 kwa dunia nzima na ni bahati nasibu, na Septemba 2025 Trump akaweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya, sijui ni mwajiri gani atakutolea hiyo wewe hajakuona. Njia inayoonekana na akili ni kuingia ofisi yao ya hapa, ufanye mwaka mmoja, halafu wao wenyewe wakuhamishe kwa L-1, visa ya kampuni kuhamisha watu wake, ama wakupeleke Ulaya kwenye ofisi zao. Na ujue mwenzio huyo, kama yuko kwa H-1B, akifukuzwa ana siku 60 kupata mwajiri mwingine la sivyo afungashe, na Januari 2023 Google peke yao walitangaza kuondoa watu 12,000. Hilo hakuambii, anakutumia picha ya gari. Lakini Washington State, jimbo la huko Seattle, nako hakuna kodi ya mapato kwenye mshahara, California inafika asilimia 13.3 juu ya ile ya serikali kuu, kwa hivyo Seattle kachagua vizuri, hilo nampa.

Bei ya kwanza usitaje wewe. Rekruta, yule anayeitafutia kampuni watu, akikuuliza unalipwa ngapi saa hii mwambie ungependa kujua wametenga kiasi gani kwa nafasi hiyo, California ni marufuku hata kumuuliza mtu mshahara wake wa zamani tangu 2018, na tangu 2023 matangazo ya kazi kule lazima yaandike mshahara kuanzia ngapi mpaka ngapi, Washington na Colorado na jiji la New York nako kuna sheria kama hiyo. Kwa hivyo nenda kasome matangazo ya kampuni hiyohiyo ya kule hata kama wewe unaomba ya Nairobi, utajua wanamthamini vipi mtu wa ngazi yako. Halafu tafuta ofa mbili wakati mmoja, moja peke yake ni kuomba, mbili ndio kupatana.

Babako anasema utulie hapo ulipo upate uzoefu kwanza. Mimi naona uzoefu wa mwaka uleule kuurudia hauongezi kitu, lakini msikilize kwa lile la kutoacha kazi kabla hujashika barua nyingine mkononi.

Ofa ikija nitumie karatasi zote, sio skrinishoti ya ukurasa wenye namba kubwa, nataka ule wa hisa na ule wa kuacha kazi. Usitie sahihi siku hiyohiyo hata wakikuharakisha. Na nitumie hiyo CV wikendi hii nianze kuifuta hiyo "nilitengeneza API".

Mamako