Vipindi vya sala kwa anayevuka feri kila siku

Ndugu uliyeuliza namna ya kushika sala za watawa ukiwa na kazi na ndoa: unakaa Likoni, kazi ni za zamu Kilindini, bandari ya Mombasa, ulianza vipindi vyote saba vya sala ya kitawa vya kila siku na wiki ya pili ukaacha. Si uvivu. Mtawa ana kengele, ana kwaya, ana mpishi. Wewe una feri.

Shika viwili tu, Masifu ya Asubuhi na Masifu ya Jioni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, uliviita bawaba za sala ya kila siku. Cha tatu kisubiri miezi mitatu. Kosa la watu wa zamu ya usiku ni kusali Masifu ya Asubuhi wakiamka saa tisa alasiri. Sala ile inazungumzia mwanga wa asubuhi, basi isali unapotoka kazini, ndipo ulale. Wa mchana waamke na adhana ya alfajiri. Kengele ya jirani nayo ni kengele.

Vipindi vya katikati ya mchana, Kiswahili kimetupendelea. Tersia, Seksta na Nona za Kilatini maana yake ni saa tatu, saa sita na saa tisa, zimehesabiwa tangu macheo kama tuhesabuvyo sisi. Saa sita ikifika, aya ya kwanza ya Zaburi 70 kimoyomoyo, kisha endelea na mzigo wako. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya watawa, sura ya 50, inawataka walio mbali au safarini wasali hapo hapo walipo. Foleni ya kivukoni imo.

Ila usisome kwenye simu mkipanda feri: watu wanasukumana na simu hunyakuliwa. Hifadhi kichwani Zaburi 4, 91 na 134, za kabla ya kulala kwa mujibu wa sura ya 18 ya Kanuni hiyo. Anza na 134, ina aya tatu tu. Tahadhari: vitabu vinavyofuata hesabu ya Kilatini huandika 90 na 133, na wengi huishia kusali zaburi nyingine kabisa.

Kusoma Neno kwa sala: Injili ya siku, aya 8 hadi 10, dakika 15. Soma polepole kwa sauti mara mbili, simama kwenye neno lililokushika, lirudierudie, zungumza na Mungu, nyamaza. Linaloharibu ni kufungua kitabu cha maelezo dakika ya tatu, au kutafuta aya ya kutuma kwenye grupu.

Sura ya 31 ya Kanuni inataka vyombo vyote vitunzwe kama vya altare. Kwako ni kuosha meno ya mbuzi mara umalizapo kukuna nazi, kabla machicha hayajakauka na chuma kushika kutu. Kimya baada ya sala ya mwisho (sura ya 42) mjulishe mwenzio mapema, la sivyo ataona umenuna.

Ukitaka kwenda mbele kuna uoblati, yaani mlei kujifunga na monasteri na kuishi Kanuni hii akiwa kwake. Ni ahadi, si nadhiri, na ndoa yako inabaki ilivyo. Unafungamana na monasteri moja, baada ya malezi ya angalau mwaka. Wabenedikto, watawa wa Kanuni hii, wako Tigoni, upande wa Limuru. Zungumza na paroko wako, kisha waandikie uwaulize kama wanapokea waoblati.