Likizo ya nyumbani huanza kwa kufunga kazi

Mara ya kwanza tulipoamua kukaa likizo nyumbani, nilimaliza siku saba nikiwa nimechoka kuliko nilivyoanza. Asubuhi ya kwanza niliona bawaba ya mlango wa jikoni imelegea, nikachukua bisibisi. Kutoka kwenye bawaba nikahamia kwenye bomba linalovuja, kutoka kwenye bomba nikaingia stoo kupanga makorokoro. Mke wangu alikuwa jikoni na kwenye nguo kama siku zote, tena zaidi, maana sote tulikuwepo kutwa nzima. Siku ya nne jioni mtoto wetu mdogo akaniuliza, "Baba, likizo inaanza lini?" Sikuwa na jibu.

Ukisafiri, kazi za nyumbani unazifungia mlango. Ukibaki, ziko palepale zinakutazama, na kila ukizipa dakika tano zinachukua saa nzima. Kwa hiyo mlango huo lazima uufunge mwenyewe.

Siku hizi tunaandika kwenye kalenda tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Wiki inayotangulia ndiyo ya kazi: nguo zinafuliwa, bili zinalipwa, mahitaji ya jikoni yananunuliwa, kilichoharibika kinatengenezwa. Kisichowahi kinaandikwa kwenye daftari, nalo daftari linaingia kabatini. Wenzangu kazini nawaaga kama mtu anayesafiri, na simu inakaa kwenye droo mpaka jioni.

Kuhusu jikoni niseme wazi: kama mtu mmoja ndiye anayepika, kuosha vyombo na kufagia siku zote hizo, yeye hayuko likizo. Hilo lilinichoma nilipoliona nyumbani kwangu. Sasa tunakwenda kwa zamu, watoto wakiwemo, na siku ambayo si zamu ya mama haruhusiwi hata kuuliza chumvi imewekwa au bado. Chakula kikiungua kidogo, tunakula hivyohivyo.

Usingizi nao ni sehemu ya likizo. Hatutegi kengele. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanashauriwa kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12 kwa siku, na kwetu wakati wa shule kiasi hicho hakifikiwi. Siku mbili za mwanzo wanalala sana. Ugomvi wa asubuhi unapungua wenyewe.

Halafu inakuja siku ya tatu, watoto wanalalamika kwamba hakuna cha kufanya. Usikimbilie kuwawashia televisheni. Wetu walinung'unika karibu saa nzima, kisha wakatoa shuka zote kabatini wakajenga hema sebuleni. Walilala humo siku tatu, nasi tukawa tunapita kwa kuinama.

Ila kitu ninachokisubiri kuliko vyote ni usiku wa vimondo. Kila mwaka, karibu na tarehe 13 na 14 Desemba, vimondo viitwavyo Jeminidi huwa vingi kuliko siku nyingine, na havihitaji darubini. Tunazima taa zote, tunatandika mkeka nje na kulala chali. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, kwa hiyo hakuna kuwasha simu hata mara moja, vinginevyo mnaanza upya.

Mwaka jana tulikaa muda mrefu bila kuona chochote. Mdogo alianza kusinzia kifuani kwa mama yake. Kijana wangu mkubwa, ambaye ukimuuliza habari za shule anajibu "nzuri" na kuondoka, alikuwa amelala pembeni yangu. Kimondo cha kwanza kikapita, mstari mweupe, kikatoweka. Hakuna aliyesema neno. Kisha, akiwa bado anaangalia juu, akaanza kunisimulia kwa sauti ya chini jinsi mwaka wake wa shule ulivyokuwa mgumu. Niliogopa hata kugeuza kichwa nisije nikamkatiza. Tuliingia ndani usiku wa manane.