Kabla ya ukuta wa ufukweni, pima umbali

Ndugu, nimekuelewa: kiwanja chako cha Mbezi Beach kinagusa bahari, unataka ukuta wa zege, kifusi nyuma yake, kisha nyumba ya wageni, na unauliza ukuta uwe na kimo gani. Anza na umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ufukweni dhidi ya shughuli za kudumu.

Ukuta wima hurudisha wimbi kwa nguvu, nalo huchota mchanga kwenye kitako chake. Msingi ukibaki wazi, ukuta unalala, hata uwe mnene vipi.

Hatari nyingine inatoka nchi kavu. Mvua kubwa ikikutana na bamvua (bahari inapojaa kupita kawaida), mtaro haumwagi, maji yanarudi uani. Kwa hiyo:

- Inua sakafu angalau nusu mita juu ya alama ya mafuriko makubwa wanayoyakumbuka majirani.
- Funga valvu ya kuzuia maji taka kurudi ndani.
- Usitumie mchanga wa ufukweni. Chumvi hula nondo. Zege la kufunika nondo lifike milimita 50.

Kifusi kiwanja kizima, hapana: utamhamishia jirani maji. Mikoko iache.

Tafadhali muone mhandisi wa pwani na NEMC (baraza la taifa la mazingira) kabla hujamlipa fundi.