Wanaposti, wanaumizana, wanasaidiana: majibu kwa wazazi na vijana

Maswali ya safari hii yote yanahusu vijana, marafiki zao na yale wanayorushiana kwenye simu. Nimeanza na lililonigusa zaidi.

Binti yangu ana miaka 14. Jumamosi usiku aliona picha za rafiki zake watatu wakiwa kwenye sherehe ambayo yeye hakualikwa. Analia, hataki kwenda shule. Nimnyang'anye simu?

Pole mama, na umpe pole binti. Simu iache kwanza. Ukimnyang'anya sasa, atajifunza kwamba akikuletea machozi anaadhibiwa, na mara ijayo atalia peke yake.

Watoto wamekuwa wakiachwa nje ya sherehe tangu zamani. Ila zamani habari ilimfikia mtu siku mbili baadaye, tena nusunusu. Leo anaiona saa ileile, picha baada ya picha, akiwa peke yake chumbani, na chini yake komenti za watu anaowajua. Na si binti yako tu. Kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kiliwauliza vijana wa huko wa miaka 13 hadi 17, na katika ripoti yake ya 2015, asilimia 53 ya wanaotumia mitandao walisema wamewahi kuona watu wakiposti matukio ambayo wao hawakualikwa.

Usiku huo usimpigie mama wa mwenye sherehe. Kaa na binti, mwache aseme yote. Akitulia, muulize kati ya wale watatu ni yupi aliye karibu naye zaidi. Huyo ndiye wa kuzungumza naye, ana kwa ana au kwa ujumbe wa faragha, kamwe si kwenye komenti. Maneno yawe machache: "Niliona picha za Jumamosi, nikaumia. Kuna jambo kati yetu?" Jibu litakalorudi litamwonyesha kama ni nafasi tu zilikuwa chache, au kama urafiki umeingia doa. Kwa siku chache anaweza pia kuwanyamazisha Instagram, yaani posti zao zisimtokee, na wenyewe hawatajulishwa. Na shule aende.

Nina miaka 16. Nilimwandikia rafiki yangu kuhusu ugomvi wa wazazi wangu. Akapiga skrinshoti, akaitupa kwenye kundi la darasa. Anasema alikuwa anatania.

Mwanangu, huo ni usaliti, na una haki ya kuuita hivyo. Urafiki hujengwa kwa kupeana siri kidogo kidogo: mimi nakwambia moja, nawe unaniambia moja, na kila mmoja anapima kama mwenzake ameitunza. Wanasaikolojia Irwin Altman na Dalmas Taylor walilieleza hili mwaka 1973, kabla ya simu hizi. Kinachowaleta watu karibu ni kuchagua nani asikie, na yeye amekunyang'anya uchaguzi huo.

Mwambie aifute kwenye kundi na akiri hukohuko kwamba alikosea. Usirushe siri zake ili kulipiza. Ukitaka kumsamehe, msamehe, lakini kumsamehe hakukulazimishi kumpa siri nyingine kesho. Na mambo mazito ya nyumbani yaseme kwa mdomo. WhatsApp haitakujulisha mtu akipiga skrinshoti ya mazungumzo yenu.

Mwanangu wa miaka 15 hapositi chochote, husoma tu ya wenzake. Je, hana marafiki?

Baba, kutoposti si ugonjwa. Angalia kama kuna mtu anayemtafuta, na kama yupo ambaye yeye mwenyewe humtafuta. Hata mmoja anatosha. Kama hayupo kabisa, na mtoto ameacha hata michezo aliyoipenda, hapo zungumza naye.

Rafiki yangu huweka stetasi za huzuni karibu kila usiku. Mimi ndiye ninayemjibu, wakati mwingine hadi saa nane. Nampenda, lakini nimechoka, na siku hizi hata mimi nalala na huzuni.

Umeeleza vizuri kitu ambacho watu wazima wengi hawakioni. Mwaka 2002 mtafiti Amanda Rose alichapisha utafiti kuhusu marafiki wanaorudia tatizo lilelile, wakilichambua tena na tena. Aligundua kwamba urafiki wao ulikuwa wa karibu zaidi, na papo hapo dalili za huzuni na wasiwasi zilikuwa nyingi zaidi. Ndiyo maana ni vigumu kuacha: kinachowachosha ndicho kinachowaunganisha.

Usimkimbie. Badilisha saa na namna. Mwambie mchana, si usiku: "Nakujali. Saa nne nalala, lakini kesho mapumziko tutakaa pamoja." Mkikutana, msikilize, kisha fanyeni jambo lingine kabisa, mtembee au mcheze. Muulize pia ni mtu mzima gani anamwamini, na ujitolee kumsindikiza.

Kuna hali moja ambayo haingoji kesho. Akiandika kwamba hataki kuishi, au kwamba anataka kujidhuru, mwamshe mzazi wako saa hiyohiyo, hata kama amekuapisha usimwambie mtu. Siri hiyo hutakiwi kuibeba, na huwezi kuwa daktari wake ukiwa na umri huo. Akikasirika, mwache akasirike akiwa salama.

Huwa naposti picha za binti yangu wa miaka 13 kwa fahari tu. Siku hizi ananuna. Nimekosa nini?

Rafiki zake wanaziona, mama. Ile ya utotoni akiwa kwenye beseni la maji inaweza kuwa stika ya kundi lao kabla hujamaliza kusoma pongezi za shangazi. Futa anazozichukia, na kuanzia leo muulize kabla ya kuposti. Akisema hapana, watumie bibi na shangazi peke yao, kama naye ameridhia.