Taa kubwa za gari la zamani: pima zikiwa zinawaka

Gari la miaka ya 1960 au 1970 likija na taa za mbele zinazotoa mwanga wa njano, usikimbilie kubadilisha balbu. Mara nyingi balbu ama inawaka ama imeungua. Ikiwaka kwa kufifia, mara nyingi umeme unaliwa njiani, na umeme unaoliwa njiani hauonekani mpaka upime taa zikiwa zinawaka. Hapo ndipo wanaoanza hupoteza siku nzima: wanachomoa soketi, wanapachika multimita (kipimo cha volti na ukinzani), wanasoma volti 12.6, wanatangaza kwamba waya ni mzima. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba nao utakuonyesha 12.6 pasipo mzigo. Ubebeshe balbu ya wati 55 uone volti zinavyoporomoka.

Piga hesabu ndogo. Taa mbili za dimu (mwanga wa chini), wati 55 kila moja, huvuta karibu ampia 9. Kiungo kimoja chenye kutu, ukinzani wake omu 0.1 tu, kikiwa kwenye njia inayobeba mkondo wote huo kinakula volti 0.9 na kugeuza wati 8 hivi kuwa joto. Ndiyo maana swichi ya dashibodi huchemka na plastiki ya soketi hugeuka kahawia. Usiisake hiyo omu 0.1 kwa kupima ukinzani, maana nyaya za multimita zenyewe zaweza kuwa na kiasi hicho hicho. Na mwanga haushuki sambamba na volti: volti zikipungua asilimia 10, balbu ya uzi hupoteza mwanga kwa karibu asilimia 30.

Basi pima hivi. Injini imezimwa, betri imejaa, dimu zinawaka. Soma volti kwenye nguzo za betri, tuseme 12.3. Kisha, soketi ikiwa imepachikwa, ingiza ncha za multimita kwa nyuma, moja kwenye mguu wa dimu na nyingine kwenye mguu wa ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri kupitia bodi). Ukipata 10.6, volti 1.7 zimepotea. Sasa zigawe: kutoka chanya ya betri hadi mguu wa dimu unapata hasara ya upande wa moto (unaoleta umeme), kutoka mguu wa ethi hadi hasi ya betri, hasara ya upande wa ethi. Jumla ya hizo mbili lazima ikaribie 1.7. Ethi ikizidi 0.2, ina kazi. Upande wa moto ukiwa chini ya 0.5, uache. Ukizidi, acha ncha moja kwenye chanya ya betri na uisogeze nyingine hatua kwa hatua: kuingia swichi ya taa, kutoka swichi, swichi ya dimu na fulu (mwanga wa juu), fyuzi, soketi. Namba inaporuka ghafla, umempata mwizi. Usizembee, betri nayo inashuka wakati unapima. Ipime tena kila baada ya dakika chache.

Kwenye magari mengi ya Uingereza ya enzi hizo, waya wa kahawia hutoka moja kwa moja kwenye betri, wa buluu hutoka swichi ya taa kwenda swichi ya dimu, wa buluu wenye mstari mweupe ni fulu, wenye mstari mwekundu ni dimu, na mweusi ni ethi. Ya Kijerumani huandikwa namba: 56a fulu, 56b dimu, 31 ethi.

Ethi inastahili macho ya karibu, kwa sababu ikikatika taa hufanya vituko vinavyomchanganya hata fundi. Washa dimu: taa moja iko sawa, ya pili inafifia huku nyuzi zake zote mbili zikiwa zimepata wekundu, na kile kitaa cha buluu cha fulu kwenye dashibodi kinang'aa kwa mbali. Swichi haina kosa. Umeme umeingia kwenye uzi wa dimu, umekosa ethi, ukarudi kinyumenyume kupitia uzi wa fulu hadi kwenye waya wa fulu na kutafuta ethi kupitia taa ya upande wa pili. Kabla ya kufungua chochote, unganisha waya mnene kutoka hasi ya betri hadi mguu wa ethi wa taa hiyo. Ikiwaka vizuri, fuata waya wa ethi hadi bolti yake, piga msasa bati mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi juu. Bolti iliyokazwa juu ya rangi mpya ni ugonjwa wa magari yaliyotoka kupakwa rangi.

Fyuzi za mrija wa kauri zizungushe kwenye vishikio vyake kabla ya kuzilaumu. Hushika kutu nchani. Taa za gari la Kimarekani zikizima na kuwaka zenyewe, ujue kikatio cha joto ndani ya swichi kinafanya kazi yake: tafuta shoti au balbu zilizozidi nguvu.

Nyaya zikiwa safi na hasara bado ni kubwa, weka rilei mbili (swichi zinazowashwa na umeme mdogo), ya dimu na ya fulu. Mguu namba 30 wa kila rilei uchukue moto kwenye betri kwa waya wa milimita mraba 4, fyuzi ikiwa karibu na betri; 87 uende kwenye taa kwa waya wa 2.5, 86 upokee waya wa zamani kutoka swichi, 85 uende ethi. Swichi ya zamani sasa inabeba chini ya robo ya ampia. Ukiweza, kila taa ipate fyuzi yake ya ampia 10, ili moja ikiungua usibaki gizani.

Mwisho washa injini, ipandishe mzunguko, upime tena kwenye balbu. Ukiona zaidi ya volti 14.5, rekebisha regyuleta (kidhibiti cha volti za chaji) kabla ya gari kuondoka. Hasara ya nyaya za zamani ilikuwa inazikinga balbu, na kinga hiyo umeiondoa.